Treni ya Zablon

Taa yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kifungo cha shati, lakini Jumapili ile baada ya ibada ilikusanya watu kama mnada. Zablon Nnko alikuwa ameliwasha gari ili alisogeze karibu na mlango wa kanisa, mkewe Antonia asikanyage tope. Mwalimu Obed, aliyekuja dirishani kusalimia, akaona kitu cha njano kinawaka kwenye dashibodi. Akaingiza kichwa ndani, akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya darasani.

"T, R, C. Off." Akavua miwani. "Zablon, hii gari umeitoa wapi?"

"Dar, Mwalimu. Ilitoka Japani, ikiwa imetumika."

"Japani nako kuna TRC?"

Mwalimu Obed alikuwa mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya usharika, na mtu aliyewahi kupanda treni kutoka Moshi hadi Dar ujanani mwake na asiache kuisimulia mpaka leo. Kwake yeye, kama kwa Mtanzania yeyote wa miaka ile, TRC ilikuwa kitu kimoja tu: Shirika la Reli. Na neno la pili alikuwa amelifundisha ubaoni maisha yake yote.

"Off ni kuondoka. Kutoka," akawafafanulia waumini waliokuwa wakisogea mmoja mmoja. "TRC Off. Imetoka Reli. Sisemi mimi, jamani, imeandikwa."

Mashirika ya umma yalikuwa yakibinafsishwa, na kila mtu pale Karatu alikuwa na habari ya shemeji wa jirani aliyeuziwa meza ya ofisi au trekta zima kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Waliguna tu, mguno ule wa watu waliokuwa wakijiuliza tangu mwanzo fundi cherehani na dereva wamepata wapi gari. Pembeni ya taa ile ilikuwepo nyingine, ya ABS, nayo inawaka, lakini hiyo haikufanana na shirika lolote, wakaiacha.

"Nina kadi ya gari, Mwalimu. Ina jina langu," Zablon akasema.

"Simwiti mtu mwizi, mwanangu. Ila zahanati ya kanisa haiwezi kubeba wajawazito kwenye mali ya umma. Ijumaa kamati inakuja kukagua, kama tulivyokubaliana. Nikiikuta hiyo taa, basi, tutafute gari nyingine."

Antonia alikuwa amesimama upande wa pili, mkono kwenye kitasa, akisikia yote. Alipanda, akafunga mlango polepole. Walipotoka getini watoto wa shule ya Jumapili waliwafuata nyuma wamejipanga mstari, kila mmoja ameshika kiuno cha mwenzake, wakilia puu, puu, chuku chuku. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa na jina jipya la gari lile: Treni ya Zablon.

*

Jumatatu asubuhi Zablon alikuja na selotepu nyeusi. Akakata kipande kwa meno, akakibandika juu ya taa, akarudi nyuma kutazama kazi yake. Ukiwa mbali ungeamini.

"Mwalimu Obed ana miwani, hana upofu," Antonia akamwambia kutoka kwenye cherehani yake barazani.

"Basi natoa balbu."

"Na siku gari ikiumwa kweli itakuambia na nini?"

"Haiumwi. Ni taa tu imechanganyikiwa."

Antonia aliendelea kukanyaga cherehani, lakini moyoni alishika neno. Huyu alikuwa mume ambaye gari likikohoa kidogo tu anafungua boneti na kuita majirani. Safari hii taa ilikuwa inawaka tangu Ijumaa, na kila akitaja gereji mwenzake anapata shughuli nyingine.

Na yeye hakutaka mchezo na lile gari. Miezi minne alikuwa akishona magauni yake mapana kuliko kawaida, na mtaani hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa Zablon. Mimba mbili za mwanzo hazikufika. Ya pili ilimtokea kando ya barabara ya Qurus, mvua inanyesha, Zablon amesimama katikati ya njia akipungia kila gari linalopita. Magari ya watalii yalipita yamefunga vioo. Wengine walimpungia na wao, wakidhani anawasalimia. Hilo ndilo lililowafanya wauze kiwanja na ng'ombe wawili wa Zablon waliokuwa kwao Meru, wakanunua gari kabla ya kujenga nyumba.

Kamati ikilikodi gari kwa kazi ya zahanati, lingelala hapo nyumbani kila siku, na mwenyewe pamoja nalo. Kamati ikilikataa, Zablon angekwenda Loliondo, ambako binamu yake alikuwa amempatia kazi ya kupeleka vyakula kwenye kambi ya wageni, awe anarudi mara moja kwa mwezi kama mshahara. Masika ingekuja, na mtoto angekuja, na yeye angekuwa peke yake na cherehani. Hicho tu ndicho Antonia alichokuwa akikiogopa, na alikiogopa kimyakimya, maana kila akigusia, Zablon humjibu kwa uchangamfu: "Usiwe na hofu, Anto. Mbona mimi sina?"

Wanawake wa rika lake wote walikuwa Mama Fulani. Yeye wateja walimwita "fundi." Alikuwa amelizoea jina hilo, akalichoka, akalizoea tena.

"Kesho tunakwenda kwa Hilary," akasema. "Mimi na wewe."

*

Gereji ya Hilary ilikuwa uwanja wa wazi nyuma ya maduka, wenye mwarobaini mmoja na injini nyingi zisizo na magari. Hilary mwenyewe, Mkibosho mwenye kitambi na maneno, aliing'oa selotepu kabla ya salamu kuisha.

"Nani kaiziba mdomo hii?"

Zablon akatazama mwarobaini.

"Sikieni. TRC hapa si reli. Ni kitu cha kuzuia gari kuteleza. Na taa yake ina tabia mbili. Mkiona inapepesa, inawaka na kuzima, msiogope, hapo gari iko kazini: gurudumu limeteleza, inalishika. Lakini ikiwaka moja kwa moja hivi, imekata tamaa. Imesema, mimi nimejitoa, endesheni wenyewe. Ndiyo hiyo 'off.'"

"Kwa nini ijitoe?" Antonia akauliza.

"Kila gurudumu lina sensa yake."

"Sensa? Ya kuhesabu watu?"

Hilary akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Hiyohiyo, fundi, ila hii inahesabu mizunguko. Gurudumu moja likihesabiwa vibaya, gari haijui tena nani anateleza na nani anatembea. Inaacha. Sasa kabla sijapiga jeki: gari imeenda wapi siku za karibuni? Imevuka mto? Imegonga jiwe?"

"Mto wa Mbu tu," Zablon akajibu haraka. "Alhamisi. Lami tupu."

Antonia alithibitisha kwa kichwa. Alhamisi ile Zablon aliaga kuwa anampeleka abiria Mto wa Mbu, akarudi jioni, gari limeoshwa linang'aa. Alimsifu hata.

Hilary alianza na magurudumu ya nyuma, akayakuta salama. La mbele kushoto, salama. La mbele kulia alipolitoa na kuchomoa ile sensa, kitu cha ukubwa wa kidole gumba chenye waya, akakisogeza karibu na macho. Ncha yake ilikuwa imeota ndevu nyeusi.

Aliipuliza kwa mdomo. Akaipuliza kwa pampu ya upepo. Akaisugua kwa mswaki wa zamani. Zile punje zilikuwa zikihama upande huu kwenda upande ule, kisha zinarudi mahali pake na kusimama wima.

"Ubishi gani huu," Hilary akasema.

"Usipulize, unazitawanya tu," Antonia akasema. Alikuwa amezijua. Shingoni alivaa, kama kila siku ya kazi, sumaku ya spika ya redio iliyokufa, aliyoifunga kwa uzi ili aokotee pini sakafuni. Na kila ilipoangukia mchangani iliota ndevu za namna hiyo. Akaisogeza karibu. Punje kadhaa ziliruka zenyewe zikaja kwenye sumaku yake. "Ina sumaku ndani hiyo sensa?"

"Inayo."

"Basi chukua hii." Akatoa mfukoni kipande cha sabuni, kile anachochorea vitambaa, akakitemea mate kikalainika. "Kandamiza. Zitabaki kwenye sabuni."

Hilary akakandamiza, akavuta. Ncha ikatoka safi kama sindano mpya. "Nimefanya kazi hii tangu nikiwa mwembamba," akasema, "sijawahi kuazima sabuni kwa fundi cherehani. Tutafungua karakana pamoja." Kisha akaipindua sabuni, akaitazama kwenye jua, na furaha ikampungua kidogo. "Ila mchanga huu si wa Mto wa Mbu. Wala si wa hapa, udongo wetu ni mwekundu. Huu mweusi unaoshikana nimeutoa kwenye magari yaliyopita Olduvai. Ni ule mchanga unaohama, ule mlima mdogo unaotembea wenyewe nyikani."

Baada ya kusema hivyo akamwona Zablon uso wake, akaelewa amesema neno la ziada. Akamrudishia Antonia sabuni, akaaga kwamba anatafuta spana, ilhali spana alikuwa ameishika mkononi, akaenda nyuma ya mwarobaini akakaa huko.

Antonia alimtazama mumewe. Zablon alikuwa anajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. Swali akaliahirisha, kwa sababu gereji ina masikio. Lakini aibu ya kujua kwamba umedanganywa ni nusu. Nusu nyingine ni kujulishwa mbele ya mtu, na Antonia alizibeba zote mbili akiwa amesimama wima, kipande cha sabuni mkononi.

*

Walipoondoka, taa iliwaka mpaka kona ya kwanza, ikasitasita, ikazima. Ile ya ABS ikaifuata. Siku nyingine wangeimba. Sasa Zablon aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani kama anayefanya mtihani wa leseni, na Antonia akatazama mashamba ya ngano.

"Simamisha," akasema walipofika mahali pasipo nyumba.

Akasimamisha.

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Uliyempeleka Ngorongoro. Ukaniambia Mto wa Mbu. Ukaosha gari. Mwanamume haoshi gari hivihivi, Zablon. Mimi nimeshona magauni ya wanawake wote wa mji huu, nayajua yote wanayosimulia wakipimwa."

Zablon alizima injini.

"Ni Yeyo Naisenya."

Antonia alikuwa amejiandaa kwa majina mengi, mengine alishaanza kuyachukia kabla hayajatajwa. Lakini Yeyo Naisenya alikuwa bibi wa Kakesio, kule nyikani Ngorongoro, asiye na jino la mbele, anayekuja mnadani na kumletea mashuka apinde kingo, na kila akija humshika tumbo bila kuomba ruhusa na kusema maneno ya Kimaasai. Hasira ilimkwama, haikujua ielekee wapi.

"Yeyo Naisenya?"

"Alikosa gari la kurudi. Nikasema nitamfikisha. Njiani akaniuliza, wewe mkeo ana mimba, umemwombea wapi? Nikasema kanisani. Akasema vizuri, na kwingine? Akasema kuna wanaokwenda pale kwenye mchanga kuomba watoto, yeye mwenyewe alikwenda, akapata mwanawe Lemayian." Aliongea akiutazama usukani. "Nikapita pale, Anto. Nikaingiza gari mpaka kwenye mchanga wenyewe kwa ujinga, likanasa, tukachimba mimi na yule bibi kwa mikono. Nilikuwa na kipande cha gauni lako hilo, nilikiokota chini ya cherehani. Nikakiacha pale."

"Wewe? Uliyepeleka jina ugombee uzee wa kanisa?"

"Mimi."

"Sasa kwa nini usiniambie? Uliogopa nitakushtaki kwa mchungaji?"

"Hapana." Akamgeukia. "Niliogopa utajua kwamba naogopa. Kila siku nakwambia usiwe na hofu, mbona mimi sina. Mimi silali, Anto. Wewe ukigeuka kitandani naamka kusikiliza kama unaumwa. Kule barabarani nilikuwa napunga mkono, wao wananipungia. Siwezi tena. Ningepewa jiwe niliombe ningeliomba."

Trekta lilipita, dereva wake akapiga honi mara mbili na kupaza sauti ya treni, puu, puu, akaenda zake. Na hapo, bila kujua itatoka wapi, Antonia akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi peke yake, na kifuani akahisi kitu kilichokuwa kimefungwa kwa miezi yote ile kinafunguka. Alikuwa ameibeba hofu ile kama mzigo wa mtu mmoja. Kumbe chumba kilekile, kitanda kilekile, walikuwa wanaibeba wawili, kila mmoja akimficha mwenzake.

"Umekwenda kumwombea mtoto," akasema akijifuta kwa ncha ya kitenge, "ukarudi na mchanga kwenye gurudumu, ukaosha gari juu ukaacha chini. Ungekuwa na mwanamke kweli ungekamatwa siku hiyohiyo."

"Ndiyo maana sina," Zablon akasema.

"Kuanzia leo ukiogopa uniamshe."

"Na wewe?"

"Na mimi nitakuamsha. Washa gari, nina nguo za watu."

*

Ijumaa Mwalimu Obed alifika na wajumbe wawili na suti yake ya kahawia. Akaketi kiti cha mbele, akavaa miwani.

"Washa."

Zablon akageuza ufunguo, na dashibodi nzima ikawaka taa zake zote kwa pamoja, kama gari lifanyavyo likiamka, na katikati yake TRC OFF, njano kabisa.

"Hiyo hapo," Mwalimu akasema kwa ushindi.

"Subiri, Mwalimu," Antonia akasema kutoka dirishani.

Taa zikazima moja moja. TRC ikabaki na mwenzake mmoja, kisha ikabaki peke yake, kisha nayo ikazima. Mwalimu Obed akaigonga kwa kidole. Haikurudi. Akaagiza gari lizungushwe uwanjani, likazungushwa. Lirudishwe nyuma, likarudishwa.

"Ilikuwa inajitambulisha tu," Antonia akasema. "Si reli, Mwalimu. Ni ya kuzuia kuteleza. Hilary yupo, muulize. Gurudumu lilishika mchanga."

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma, na aliyesoma hukosea kwa sauti kubwa. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha mfukoni. "Basi mimi nimeteleza," akasema. "Na kuteleza si kuanguka. Kamati inachukua gari. Ila hilo jina la treni, mwanangu, sidhani kama nitaweza kuliondoa mtaani. Limeshika."

"Liache, Mwalimu," Zablon akasema. "Treni hailali njiani."

*

Masika ya mwaka ule ilifanya kilima cha zahanati kuwa uji mwekundu. Magari mengine yalibaki chini, wenyewe wakipanda kwa miguu wamebeba viatu. Treni ya Zablon ilipanda na wajawazito wa Qurus, ikashuka na watoto wachanga, na asubuhi moja, mvua ikigonga bati, ilikuwa zamu ya mwenye gari.

Antonia alikaa kiti cha nyuma, mguu mmoja juu, akishika kamba ya dirishani. Kando yake alikuwepo Yeyo Naisenya, aliyekuja mnadani siku iliyotangulia na kukataa kuondoka. Walipofika katikati ya kilima gurudumu la mbele likazunguka bure, gari likaanza kwenda upande, na Antonia akaliona lile shimo la kandokando likisogea. Akafumba macho. Alikuwa tena barabara ya Qurus, na mvua ileile.

"Anto," Zablon akasema. "Anto, tazama dashibodi."

Akafumbua. Ile taa ndogo ya njano ilikuwa inapepesa. Inawaka, inazima, inawaka. Chini yao kitu kiliguna, kikaguna tena, gurudumu likauma ardhi, na gari likajinyoosha likapanda.

"Iko kazini," Zablon akasema. "Naogopa, mke wangu."

"Na mimi," Antonia akajibu, akapumua. "Endesha."

Mtoto alizaliwa kabla ya chakula cha mchana, wa kike, mzito, mwenye kelele. Wakampa jina Nasha, alilolichagua Yeyo Naisenya kwa sababu mtoto alikuja na mvua, na Mwalimu Obed akaliandika kwa mkono wake mzuri kwenye kadi ya kliniki. Lakini kama alivyosema mwenyewe, mtaa ukishashika kitu haukiachi. Siku wanarudi nyumbani watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wamejipanga mstari getini, wakachungulia ndani ya kitenge, na mmoja wao akatoa hukumu.

"Treni imepata behewa."

Habari ilitangulia mpaka dukani, mpaka mnadani. Wiki ile ile mteja alisimama nje ya baraza, nguo ikiwa kwapani, akabisha hodi. Antonia alikuwa ananyonyesha, cherehani imefunikwa. Alingoja aitwe kwa jina lile alilolizoea, akalichoka, akalizoea tena.

"Hodi hapa. Mama Behewa yupo?"

Antonia alinyamaza kidogo, ili alisikie vizuri.

"Yupo," akaitika. "Karibu ndani."